Kijiti cha Klachi

"Zima hiyo redio, wifi. Namsikiliza wa kushoto."

Wifi alizima redio ya jikoni, akarudi kusimama mlangoni pa banda huku povu la sabuni likimtiririka viwikoni. Mkunga alikuwa ameinamia injini, stetoskopu masikioni. Kile kisahani cha baridi kinachowashtua wajawazito alikuwa amekichomoa, na ncha tupu ya mpira ameielekeza kwenye mdomo wa kabureta ya kushoto, moja kati ya mbili zinazoilisha injini hewa na mafuta. Injini ilinguruma kwa kusitasita, kama mtu anayetafuta neno. Akahamishia mpira kwenye kabureta ya kulia. Akarudi kushoto. Akaigusa skrubu kwa bisibisi, akaizungusha nusu ya nusu.

"Wanaendeleaje?" Wifi aliuliza.

"Mmoja ananyonya, pacha wake anasinzia."

"Mfinye."

"Ndiyo namfinya."

Akageuza tena kidogo. Sauti mbili zikakaribiana, zikagombana, halafu zikawa moja. Mngurumo ukatulia. Hata maji kwenye beseni la Wifi la kufulia, pale nje, yaliacha kutetemeka. Mkunga alivua stetoskopu, akaitundika shingoni alikozoea kuitundika tangu ujana, akasimama kwa hatua mbili: kwanza magoti, kisha mgongo.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, la viti viwili tu, pua ndefu, tumbo karibu kugusa ardhi. Rangi yake ya kijani ilikuwa imekwajuka. Paa lake la turubai Mkunga alilishona mwenyewe, kwa mshono uleule aliowashonea akina mama, na lilikuwa limepona vizuri kuliko baadhi yao. Tajiri mmoja aliyehama alimwachia fundi wake, baba yao Mkunga na kaka yake. Baba alimfundisha ufundi kaka mtu, kwa kuwa ndiye mwanamume. Binti aliambiwa ashike tochi. Sasa, mwenye kushika tochi huona kila kinachofanyika, maana asipoona yeye hakuna anayeona. Kaka alifuta mikono siku baba alipofariki, akaenda kuwa msimamizi wa ghala. Tochi ilibaki pale ilipokuwa.

Miaka yote ya kuzalisha watu Mkunga alitembea kwa miguu. Alipostaafu, alirudi chumba cha uani, karibu na banda, akaanza kulifungua gari boliti moja moja. Breki alizitengeneza. Tangi alilisugua kutu kwa kokoto na mnyororo. Mpira wowote uliopasuka aliubadilisha. Kaka, aliyekaa nyumba kubwa ya mbele na mkewe, alikuwa akipita na kusema, "Bado tu?" Naye alikuwa akijibu, "Bado tu."

Jumapili iliyopita Kaka aliita kikao sebuleni, mashangazi wote wakiwepo. Alisema amempata mtu. Mtu huyo ana hoteli, anataka gari la kuweka mapokezi, wageni wapigie picha.

"Lenye injini?" Mkunga aliuliza.

"Injini ataitoa. Inadondosha mafuta, na pale chini ni marumaru."

"Basi anunue kabati."

"Dada, gari lisilotembea ni kabati." Mashangazi walicheka. Kicheko kilimpa Kaka nguvu, akasimama. "Na mtu wa umri wako unataka gari la viti viwili, la kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

"Haya. Nasema mbele ya wazee hawa. Likitoka geti lile kwa injini yake lenyewe, ni lako, sifungui mdomo tena. Lisipotoka, Jumamosi linabebwa."

Ndiyo hii Jumamosi.

Mkunga aliizima injini, akafunga boneti, akaingia kwenye kiti cha dereva. Kuingia kwenyewe kulikuwa kazi, ni kama kuvaa suruali ya mtu mwingine. Jana jioni ndipo alipolishusha kutoka kwenye mawe lilikokaa muda wote bila tairi za nyuma. Breki zilishika. Usukani ulitii. Kilichobaki ni kuweka gia na kuondoka. Akawasha. Akakanyaga klachi mpaka chini, akasukuma gia ya kwanza.

Gia ikasaga. Mlio ule ulimfanya Wifi afumbe macho.

Akasukuma tena, polepole. Ikasaga vilevile. Akazima, akaingiza gia injini ikiwa kimya, ikaingia bila tabu. Akakanyaga klachi, akamwita Wifi.

"Sukuma."

Wifi alisukuma kwa bega. Gari halikuyumba hata kidogo.

"Sukuma kweli, wifi, usibembeleze."

"Nasukuma kweli. Limekataa."

Mkunga alibaki ameshika usukani. Klachi ilikuwa imekanyagwa mpaka mwisho, na bado magurudumu yalikuwa yamefungamana na injini kama hakuna aliyekanyaga kitu. Akatazama mguu wake. Akatazama pedali. Kisha akageuza kichwa taratibu kuelekea dirisha la jiko, lililokuwa wazi, likishikiliwa na kijiti kifupi cha mti mgumu, ncha moja imechongwa pengo.

"Wifi, kile kijiti cha dirishani ulikitoa wapi?"

"Si ulinipa wewe. Siku ile ya kwanza ulipofagia gari ndani. Ulisema takataka hii itakufaa."

"Kilete."

Dirisha lilianguka kwa kishindo. Mkunga alikichukua kile kijiti, akakiweka kati ya kiti na pedali ya klachi. Lile pengo likaing'ata pedali sawasawa, kama kidole na pete yake. 

"Nini?" Wifi aliuliza.

"Kuna sahani mbili mle ndani. Ukikanyaga zinaachana, ukiachia zinashikana. Gari likikaa muda mrefu zinapata kutu, zinagandana. Baba alikuwa anazitenganisha kwa hiki kila anapoliegesha. Mimi nikaja na ufagio wangu."

"Kwa hiyo zimeoana."

"Zimeoana, na talaka hazitaki."

"Na tochi ulishika wewe."

"Tochi nilishika. Nilikuwa namulika injini. Miguuni kwake sikumulika."

Wifi alijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mke wa Kaka kwa miaka mingi kiasi cha kujua ni wakati gani wa kunyamaza, lakini hakuwa na tabia ya kuutumia. "Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Unashusha gia boksi yote. Siku nne, tano, ukiwa na wa kukusaidia kunyanyua."

Nje, honi ililia mara mbili. Lori la kuvuta magari lilikuwa limefika.

Liliingia kinyumenyume mpaka kwenye mdomo wa geti, likaziba njia yote. Dereva wake alishuka na kuanza kulegeza mnyororo. Nyuma yake alikuja mwenye hoteli, shati jeupe, viatu visivyopenda vumbi, na Kaka akimwongoza kwa mkono kama mtu anayeonyesha kiwanja.

"Shikamoo mama," dereva wa lori alimwambia Mkunga. "Ndilo hili? Duh. Zuri."

"Marahaba. Usifungue mnyororo bado."

Mwenye hoteli alilizunguka gari, akaligongagonga bodi. "Safi sana. Hapa kwenye boneti tukiisha kutoa vitu vya ndani, tutapanda maua. Yale yanayoning'inia."

"Maua," alisema Mkunga.

"Yanayoning'inia."

Kaka alikuwa akitazama chini ya gari. "Nilisikia injini asubuhi, dada. Hongera. Kweli umejitahidi. Lakini nilisikia na gia pia." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Hilo ni klachi. Mimi si nilifundishwa, au umesahau? Halitoki leo. Tusisumbuane, mtu ametoka mbali."

Mkunga alikitazama kijiti, alichokuwa amekichomoa na kukiweka mapajani. Kulikuwa na njia nyingine. Aliijua tangu honi ilipolia, na alikuwa akiikwepa kwa sababu ni njia ya mtu asiyetunza vyombo. Unaweka gia kwanza, injini ikiwa imezimwa. Halafu unawasha. Gari likiwaka linaruka na kuondoka palepale, na likishaondoka huna klachi ya kulisimamisha bila kuzima injini. Unaendesha mguu ukiwa umekanyaga klachi, unatia mafuta, unaachia, unatia, unaachia, unazitikisa zile sahani mpaka zichoke kushikana. Zinaweza kuachana mita mia mbele. Zinaweza zisiachane.

"Kijana," alimwambia dereva wa lori, "sogeza lori lako."

"Ili iweje, mama?"

"Nipite."

Kaka alicheka, akamgeukia mwenye hoteli kumshirikisha kicheko. "Msogezee. Msogezee tu, aridhike. Nilitoa neno mbele ya wazee."

Lori lilisogea. Geti likabaki wazi, na nje yake barabara ya udongo iliyonyooka mpaka kwenye kona, na baada ya kona kilima kinachoshuka, na baada ya kilima barabara kuu.

"Wifi, ingia."

"Mimi?"

"Mlango wa huko haufungiki. Unataka mtu wa kuushika."

"Na nguo nilizoloweka?"

"Zinaloa."

Wifi alimtazama mumewe. Alimtazama mwenye hoteli na viatu vyake. Kisha akakunja kanga, akaingia miguu kwanza, akaangukia kwenye kiti kile cha chini hata yakabaki kuonekana macho na kilemba. Akaushika mlango kwa mikono miwili.

"Mama watoto," Kaka alisema, "shuka humo."

"Nashika mlango."

Mkunga aliingiza gia ya kwanza. Aliachia breki ya mkono. Alivuta pumzi, akawasha.

Gari liliruka kama mbuzi aliyechomwa. Kilemba cha Wifi kilienda nyuma, kijiti kikaanguka sakafuni, na kwa sekunde moja mbaya injini ilitaka kuzimika. Pacha wawili wakanyonya kwa pamoja. Ikashika. Mwenye hoteli aliruka kando, geti likapita upande huu na upande ule, na vumbi la barabara likawa chini ya tairi.

Walikuwa nje.

Lakini gia ya kwanza ni gia ya kwanza. Ilinguruma sana na kwenda kidogo. Kaka aliwafikia kwa hatua za kawaida, akawa anatembea kando ya dirisha la Mkunga, mkono juu ya paa la turubai. Nyuma yao lori lilikuwa limegeuza, linawafuata taratibu, na nyuma ya lori gari la mwenye hoteli. Watu wa jirani walitoka vibarazani kuangalia msafara huo.

"Sawa, limetoka," Kaka alisema. "Simama tuongee."

"Siwezi kusimama."

"Huwezi au hutaki?"

"Leo vyote."

Akatia mafuta, akaachia. Gari likatikisika. Akatia, akaachia. Mguu wa kushoto ulikuwa umeibana klachi mpaka chini.

"Gari lisilosimama si gari," Kaka alisema. Alikuwa ameanza kuhema.

"Ulisema litembee. Kusimama hukusema."

"Ukizima hapa, lori lipo."

"Ndiyo maana sizimi."

"Na barabara kuu? Utafanya nini barabara kuu, dada? Utazipigia honi zikupishe?"

Wifi, mikono yote miwili mlangoni, alimwinamia mumewe kupitia mbele ya Mkunga. "Baba watoto, rudi nyumbani. Nguo ziko kwenye beseni, zianike."

Kaka aliendelea kutembea hatua kadhaa. Kisha kona ikafika, na baada ya kona mteremko wa kwanza wa kilima, na gari likaanza kwenda kasi kidogo kuliko mtu. Mkono wake uliteleza kwenye turubai, ukapita juu ya mshono, ukabaki hewani. Kwenye kioo Mkunga alimwona amesimama katikati ya barabara. Lori lilimpigia honi apishe.

"Zimeachana?" Wifi aliuliza.

"Bado."

"Utajuaje?"

"Nitasikia."

Chini kabisa, mwisho wa kilima, magari ya barabara kuu yalikuwa yanapita, moja baada ya jingine, bila nafasi. Mkunga alitia mafuta, akaachia. Alivuta kijiti kwa kisigino, kikamfikia mguuni, tayari kuzizuia zile sahani zisishikane tena zikishaachana. Akainamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama alivyozoea kukiinamisha juu ya tumbo la mtu, akaikandamiza klachi zaidi, akasikiliza.