Ndoo ya Chokaa

Siku ya vipimo vya hewa, tanuri huzimwa. Upande ule wa Tongoni kila mtu anajua: ukiamka ukaona anga safi juu ya tanuri la chokaa la Nehemia, ofisa mazingira yuko njiani kutoka mjini.

"Leo wanapima," alisema Zebedayo. Alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali pumzi inakata. Miaka kumi na miwili alililisha tanuri lile magogo na matairi chakavu. Sasa miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Hospitalini, Dakta Malak hakuwazungusha yeye na mkewe, Elizabeti. "Si mapafu tu. Vumbi la moshi ule ni dogo mno, linapita mpaka kwenye damu. Limeuchosha moyo."

Elizabeti alimpelekea Nehemia barua ya daktari. Nehemia alicheka. "Mama Loveness, chokaa watu wanakula na tambuu. Na vipimo vinasema hewa ni safi. Tumwombe Mungu." Alikuwa mzee wa kanisa, kuomba hakukumpunguzia kitu.

Tangu hapo Elizabeti alimchukia. Alimchukia akipepeta mchele, alimchukia akimsikiliza anasoma Neno madhabahuni, na chuki ile haikumwonea haya mtu.

Siku hiyo ya vipimo alimwekea mumewe uji, akavuka uzio wa Nehemia, akamwaga mafuta ya taa kwenye kuni zilizokwisha kupangwa na mawe tanurini. Njiti moja ilitosha. Akatupia tairi la kwanza, la pili, la tano. Moshi mweusi ukateremka uwanjani, pale Anold, yule ofisa, alipoweka mashine yake. Namba kwenye kioo zilipanda mbio. Elizabeti aliziona, roho yake ikaburudika.

"Andika," alisema.

Anold alimtazama Nehemia. Nehemia alikuwa anapangusa masizi kwenye shati.

"Cha kwangu ulishapima asubuhi," alisema Nehemia. "Huu moto una mwenyewe."

"Andika hiyo namba, baba."

"Naandika, mama." Akaandika kweli, yote, bila kupunguza hata moja. Kisha akafungua fomu nyingine. "Jina lako kamili nani?"

Elizabeti alikuwa mtu wa kwanza pale kijijini kushtakiwa kwa uchafuzi wa hewa. Alikaa mahabusu siku nne. Siku ya pili moyo wa Zebedayo ulisimama, na wakamzika bila yeye. Nehemia ndiye aliyeongoza sala.

Elizabeti alipotoka, alikuta ndoo mlangoni kwake.

"Mzee Nehemia ametuma," alisema bintiye, Loveness. "Ya kupaka kaburi la baba. Kasema imetoka kwenye moto wako ule, nyeupe sana."

Elizabeti alifunua kifuniko. Ilikuwa chokaa kavu, haijazimwa bado, ile inayochemka ikiguswa na maji. Zebedayo alikuwa na kovu lake begani.

"Nijazie dumu la maji."

"Mama, tutapaka kesho. Pumzika."

"Nijazie."

Alijitwisha ndoo, dumu akalishika mkononi. Kwenye njia panda makaburi yako kushoto. Loveness, akiwa mlangoni, alimwona mama yake anashika kulia, kwenda kwa Nehemia. Nyuma ya nyumba ile moshi wa tanuri ulikuwa umekwisha kupanda.