Turubai la Jirani

Yerusalemu ni mji mtakatifu, hilo halina ubishi, lakini usithubutu kusogeza kiti chako kivulini bila kuuliza kivuli ni cha nani. Huku juu ya paa la Kanisa la Kaburi la Yesu, sisi watawa Wahabeshi na jirani zetu Wakopti wa Misri tumegombania vijumba vya udongo tangu enzi za mababu, na sheria ni moja: aliyefagia ndiye mwenye sakafu, aliyeziba ndiye mwenye paa, na chumba kikibaki kitupu ndiyo kimekwenda. Wazee husimulia kwamba zamani tauni iliwamaliza watawa wetu, na waliokuja baadaye wakakuta funguo ziko mikononi mwa wengine.

Abba Kinfe alifunzwa hayo na mwalimu wake, Abba Zeray, tangu alipofika kutoka Tigrai akiwa hajaota ndevu. Sasa mzee alikuwa hoi kitandani, kifua kinakoroma, na mvua ikimdondokea. Kinfe alisogeza kitanda huku na huku mpaka akakosa pa kukisogezea. Vyumba vyote vilivuja. Ng'ambo ya mji, kwenye monasteri yetu nyingine, kulikuwa na kitanda kikavu, lakini mwaka ule watawa walikuwa wachache, kila mmoja na chumba chake cha kulinda. Mzee akihamishwa na Kinfe akaenda kumuuguza, nani angekaa humu?

Mchana mmoja Abuna Bakhum, Mkopti wa mlango wa pili, akaja na turubai begani.

"Mzee vipi?"

"Anaendelea."

"Anaendelea kwenda wapi? Namsikia akikohoa mpaka kwangu. Nipe ngazi nifunike."

"Asante. Tutafunika wenyewe."

"Mkifunika ninyi, wakubwa wangu wataita polisi hata hamjashuka. Nikifunika mimi, hakuna atakayefungua mdomo."

"Ndiyo shida yenyewe, Abuna. Kesho watasema mwenye turubai ndiye mwenye paa."

"Mimi niseme hivyo?"

"Wewe hutasema. Wewe utakufa, turubai litabaki."

Bakhum akaguna. "Una kichwa kigumu kama punda wa Betlehemu."

Sauti ikatoka kitandani. "Mwache afunike, mwanangu. Nasikia baridi."

"Baba, si wewe uliyenifundisha?"

"Nilifundisha nikiwa mkavu."

Kinfe akajiambia kuwa hiyo ni homa inasema. Moyoni alijua mzee ana akili zake timamu. Lakini aliogopa, aliogopa sana, kukumbukwa kuwa ndiye mtawa aliyepoteza paa. Akamshukuru jirani, akafunga mlango. Akavua shuka lake zito akamfunika mwalimu wake, nalo likalowa kabla ya sala ya jioni.

Asubuhi ya pili yake mzee alikuwa anakata roho. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama mvua imekatika. Kinfe akamjibu kuwa imekatika, huku tone likimpiga mzee gotini.

Watawa wa ng'ambo ya mji walipokuja na machela kuuchukua mwili, mvua ilikuwa ile ile. Bakhum alisimama nje, hakukanyaga kizingiti, turubai begani.

"Maiti si paa," akasema. "Na hili utanikatalia?"

Kinfe akasogea kando mlangoni. Wakaitoa maiti. Bakhum akaifunika gubigubi, akapindia ncha chini ya mgongo kama mama anavyomfunika mtoto, kisha akashika pembe moja ya machela. Maji yakateleza juu ya turubai yakamwagika pembeni. Tangu mvua zianze, leo ndiyo kwanza Abba Zeray alikuwa mkavu.

"Huji kumzika mwalimu wako?" Bakhum akauliza.

"Nikija, nani atakaa?"

Bakhum akamtazama. Wakashuka ngazi wakimwimbia marehemu, Mkopti akiwa mmoja wa wabebaji.

Kinfe akarudi ndani, akaketi kwenye godoro lililolowa kulinda chumba. Tone likamwangukia gotini. Hakusogea.