Kiapo cha Sebuleni

Mbele ya dirisha la tatu la ofisi ya uhamiaji, mwanamke aliyezoea kuwatoa wanaume wazima uwanjani alisimama mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Alikuwa refa wa mpira wa miguu, na watu walimwita Kipenga, hata mama yake mzazi.

Chama cha mpira kilikuwa kimemteua kwenda kuchezesha mashindano ya wanawake nchi za nje. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupata bahati hiyo. Sharti lilikuwa moja: pasipoti iwe mkononi kabla mwezi haujaisha. Asiyekuwa nayo, nafasi yake ingekwenda kwa mwenzake aliye nyuma yake kwenye orodha. Na huyo mwenzake alikuwa ameshaanza kumpigia simu kila jioni, kumjulia hali.

Afisa, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, alisoma fomu polepole.

"Umezaliwa nje ya nchi."

"Ndiyo, mama. Baba alichukua uraia wa hapa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Cheti chake ndicho hicho."

"Nakiona. Kina mafuta." Afisa akakishika kwa ncha za vidole, akakiweka kando. "Sasa hapa panapouliza uraia uliupataje, umeandika 'kwa kuapa'."

"Ndiyo."

Afisa akageukia kompyuta yake, akaibofya weee, akarudi. "Kwenye walioapa namwona baba yako. Wewe sikuoni. Uliapia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani pahala gani?"

"Sebuleni," Kipenga akajibu, na neno lilipokwisha kumtoka ndipo naye akalisikia kwa mara ya kwanza. "Mbele ya kabati la vyombo."

Foleni iliyokuwa nyuma yake ikaangua kicheko. "Refa!" bwana mmoja akapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Leo umeotea!"

"Na aliyekuapisha ni nani?" afisa akauliza.

"Mzee Bucha," alisema kwa sauti ndogo. "Jirani yetu. Alikuwa anauza nyama."

Kuna mambo mtu huyaamini utotoni, akakua nayo, akazeeka nayo, na isitokee siku ya kuyakagua. Kipenga alijua kanuni zote za mpira, na mabadiliko yake yote, lakini jambo hili hakuwahi kuliangalia mara ya pili. Kitambulisho alikipata zamani, enzi ambazo aliyefika ofisini na mzazi wake hakuulizwa mengi. Ikawa imepita hivyo.

Afisa hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Mzazi akiomba uraia, akakubaliwa, akaapa, huo unaitwa uraia wa tajnisi. Mtoto wake mdogo anayeishi naye humu nchini anaingia pamoja naye, siku hiyo hiyo. Mtoto haombi wala haapi. Kwa hiyo hicho kiapo chako kikunje, ukiweke. Mimi nataka kujua jambo moja tu: siku baba yako alipoapa, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwake. Nilikuwa nyumbani kwake."

"Barua ya shule yako inasema ulianza Januari. Baba yako aliapa Novemba."

"Kabla ya hapo nilikuwa nalelewa na bibi, ng'ambo ya mpaka. Nilikuja wiki chache kabla ya kiapo, shule zikikaribia kufungwa. Ndiyo maana nikaanza Januari."

"Inawezekana kabisa. Na inawezekana ulikuja Desemba." Afisa akavua miwani. "Kama ulikuja baada ya kiapo, hukuingia naye. Itabidi uombe mwenyewe kuanzia mwanzo, na hiyo si kazi ya mwezi mmoja. Niletee mtu mzima asiye wa ukoo wako, aliyekuona mle ndani siku ile. Aape mbele ya wakili."

Kipenga alitamani kukasirika, hasira ikakataa kuja. Yeye mwenyewe alikwisha kukataa magoli ambayo nusu ya uwanja iliapa kwamba mpira umevuka mstari. Usichokiona hukipigii kipenga. Huyu mama alikuwa refa mwenzake, tofauti ni kiti.

Alimkuta baba yake katika karakana yake ya magodoro, chumba cha mbele cha nyumba ile ile ya kiapo, akishona ukingo wa godoro la milia kwa sindano ndefu kama mshale. Pamba ilikuwa imemkaa kwenye nyusi. Mama alikuwa sakafuni, akichambua pamba ya zamani na kuitoa madonge.

"Baba, kumbe mimi sikuapa."

"Nani kasema?" Sindano ikasimama hewani. "Nyumba nzima iliapa!"

"Wewe uliapa mahakamani. Sisi tuliapa mbele ya muuza nyama."

"Bucha alikuwa na koti jeupe! Ulitaka nimwite nani, fundi viatu?"

Mama akaanza kucheka, na mama akianza hakuna wa kumzuia. "Na hayo yote uliyataka wewe, Kipenga. Ungetuacha tukala kwa amani, yasingekuwapo."

Ni kweli. Siku zile alikuwa mgeni mtaani, na watoto wenzake walimkumbusha kila alipowafunga goli: "Mgeni huyo, goli lake halihesabiwi!" Basi baba aliporudi na cheti, akapigapiga mfuko wa koti na kuwaambia wanawe, "Nanyi mmo humu humu," wadogo zake wawili walishangilia, yeye akanuna. Hakutaka kuwa raia wa mfukoni. Alitaka kuinua mkono wake mwenyewe. Alilia mpaka baba akasalimu amri, akaenda kumgongea jirani.

"Akaja na koti lake la kazini," Mama akasema akijifuta machozi. "Nikamtengenezea nywele za hakimu kwa pamba ya hapa hapa, maana alisema bila nywele nyeupe hakimu hanogi. Wewe ukaapa wa kwanza. Bucha akapiga chafya, nywele zikatua kwenye sufuria ya maharage! Ukacheka. Akakwambia, 'Anza upya, serikali haichekwi.' Ukaanza, ukacheka tena."

"Akanirudisha mara tatu."

"Nne," Baba akasahihisha. "Na kabla ya yote alitaka kukikagua cheti changu. Kakishika na mikono yake ya buchani! Lile doa hapo pembeni ni gumba lake. Siku zote nalifuta, halifutiki. Unaona hasara ya kuwa na jirani mwenye cheo?"

Kipenga akakitoa cheti kwenye mkoba. Doa lilikuwa pale pale, la duara, limekolea kama muhuri. Akalitazama kwa muda.

"Baba, Mzee Bucha si ndugu yetu, siyo?"

"Bucha? Hatuna undugu naye hata wa kuchanjiana damu."

"Na yuko wapi siku hizi?"

Mzee Bucha alikuwa akiishi kwa binti yake upande wa pili wa mji. Duka alikwisha kuliacha, lakini mikono ilikataa kustaafu: alikaa barazani akiwanolea majirani visu vyao vya jikoni, kisu kikipita juu ya jiwe shwaa, shwaa. Sikio moja lilikuwa limekufa, la pili lilisikia linalotaka.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni binti wa fundi magodoro."

"Marahaba. Binti yupi?" Akamwangalia toka miguuni mpaka utosini, kisu kikasimama. "Yule mchekaji! Umekuja kuapa tena?"

"Hapana, mzee. Safari hii zamu yako."

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la madaftari. Wakili alikuwa mwanamume mwembamba mwenye haraka. Aliandika huku akisoma kwa sauti. "'Mimi niliyetajwa hapo juu naapa kwamba mnamo tarehe ishirini na moja Novemba...'"

"Simama hapo hapo," akasema Mzee Bucha. "Tarehe siijui."

"Iko kwenye cheti, mzee."

"Basi kiapishe cheti."

Wakili akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Mzee wangu, ni maneno tu ya kisheria."

"Bwana mdogo, nimepima nyama miaka mingi kuliko umri wako na sijawahi kuegemeza kidole kwenye mizani. Nitaapa niliyoyaona. Ya kuambiwa, atakayeyajua na aape yeye."

Kipenga akapiga hesabu. Bila siku, ushahidi ule haukuwa na kazi. Afisa angeuliza tena: Novemba au Desemba? Mwezi ulikuwa unayoyoma, na simu mfukoni mwake ilikuwa imelia mara mbili tangu asubuhi, bila shaka ni mwenzake akimtakia heri. Ilikuwa rahisi kumbembeleza mzee, na kama angembembeleza, pengine angekubali. Lakini alikumbuka anavyofanya na mshika kibendera anaposita. Humwambii la kusema. Unamuuliza alichokiona.

Akavuta kiti, akakaa upande wa sikio zima. "Mzee, tuachane na tarehe. Siku ile wewe uliona nini?"

Mzee Bucha akafumba macho. "Niliona tai."

"Tai gani?"

"Tai yangu. Nyekundu, niliyoolea. Mtaa mzima hapakuwa na nyingine. Asubuhi baba yako kaja kuiazima, anakwenda mahakamani kuapa. Nikamfunga mwenyewe, maana yeye kufunga anakojua ni kwa magodoro. Jioni akaja kunigongea, tai ingali shingoni, anasema watoto wanataka kuapishwa. Nikamwambia: tai kwanza, hayo mengine baadaye. Akaivua, akanipa. Nikaivaa, nikaenda kwake, nikakisoma cheti chake neno kwa neno, nikawapanga watoto. Huyu alikuwa wa kwanza mstarini. Na alicheka, nywele zangu za pamba zilipoanguka."

Kalamu ya wakili ilikuwa imesimama. "Una hakika ni siku moja? Asubuhi tai ilipotoka, na jioni iliporudi?"

"Wee! Mimi nilale bila tai yangu?"

Wakili akaichana karatasi ya kwanza, akaandika upya, tai na yote. Cheti kilisema baba aliapa lini. Mzee alisema alichokiona siku ile baba alipotoka kuapa. Kila mmoja alibeba mzigo wake. Ilipofika saa ya kuapa, Mzee Bucha alikataa kukaa. Akasimama, akafunga vifungo vya shati mpaka juu, akainua mkono. Kwa pembe ya jicho akamwona Kipenga amejiuma midomo, mabega yanamtetemeka. Naye akashindwa, kicheko kikamtoka puuu!

"Tuanze upya," akamwambia wakili kwa unyenyekevu. "Serikali haichekwi."

Afisa aliisoma hati ya kiapo mara mbili. Mara ya kwanza uso wake ulikuwa mkavu kama ukuta. Mara ya pili, alipofika kwenye nywele za pamba, akavua miwani, akajifanya anaifuta, akaifuta kwa muda mrefu mno.

"Na haya mafuta kwenye cheti?"

"Ni gumba la hakimu, mama."

"Haya." Akamsogezea fomu mpya. "Jaza tena. Na safari hii uandike kilichotokea."

Kipenga akafika penye swali lile. Kalamu ikasita. Miaka yote alijiona aliingia kwa miguu yake, kwa mkono wake ulioinuliwa juu. Sasa ilimbidi akiri kwamba aliingia akiwa mfukoni mwa koti, kama wadogo zake. Akajicheka kimoyomoyo. Koti lenyewe lilikuwa la baba. Akaandika: "Kupitia kwa baba yangu."

"Sasa nikwambie," afisa akasema akigonga muhuri. "Leo hatukupi uraia. Tunaandika tu kwamba unao. Unao tangu siku ile baba yako alipoapa. Mlipokuwa mnapangwa sebuleni jioni, wewe ulikuwa umeshakuwa raia tangu mchana."

"Kwa hiyo nilirudishwa mara nne bure?"

"Ungerudishwa kumi. Umenichekesha kazini, nami sina desturi hiyo. Ondoka."

Pasipoti ilitoka mwezi ukiwa bado na pumzi. Jioni ile simu ililia. "Mzima kabisa, mwenzangu," Kipenga akajibu kabla hajaulizwa. "Sijapata hata mafua."

Wakala pamoja nyumbani, na Mzee Bucha akaletwa, koti jeupe mwilini na tai nyekundu shingoni, imepauka kama maji ya bitiruti. Pasipoti ikazungushwa mezani mkono kwa mkono. Ilipomfikia Mzee Bucha, Baba akaidaka.

"Nawa kwanza! Hati moja ulishanichafulia."

"Bila uchafu wangu angesafiri?" Mzee Bucha akamkata jicho. "Mtoto huyu ni raia kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako? Aliyeapa mahakamani nani?"

"Kwa tai ya nani?"

Sauti zikapanda, kila mmoja anadai lake, mpaka Mama akapiga mwiko mezani. "Humu ndani mna refa. Mwacheni aamue."

Kipenga akainuka. Akakitoa kipenga chake mfukoni, akakipuliza mara moja, na nyumba ikatulia.

"Goli ni la baba," akatangaza. "Pasi ni ya Mzee Bucha."

Wazee wawili wakatazamana, wakapima, wakaona haki imetendeka.

"Na wewe je?" Mama akauliza. "Wewe ulifanya nini?"

"Mimi?" Kipenga akarudisha filimbi mfukoni, akajivutia sahani. "Mimi nilikuwa uwanjani. Kuna shahidi."