Kura Iliyoandikwa kwa Mkono

Kura arobaini na moja zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya shule, zote zimepigwa chapa, zote za mgombea wa Chama cha Kulia, chama cha wenye mali. Ya arobaini na mbili iliandikwa kwa mkono. Mchungaji, aliyesimamia uchaguzi, alilisoma jina la mgombea wa Chama cha Wafanyakazi, akasita, akalisoma tena.

Mwalimu Tarjei aliutambua mwandiko ule papo hapo. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafundisha wavulana wote wa bonde lile kushika kalamu, na alizoea kujigamba kwamba angeweza kumtaja mwandishi wa barua yoyote bila kuona sahihi. Sasa majigambo yalimtokea puani. Ule ulikuwa mwandiko wa Sveinung, aliyepewa kibanda na kijishamba katika ardhi ya Bwana Aslak kwa sharti la kumfanyia kazi. Theluji ilikuwa karibu, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

Aslak, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule, aliichukua karatasi. Mchungaji alimkumbusha kwa upole kwamba kura ni siri. Aslak alimjibu kwamba hafugi wasaliti katika ardhi yake. Mwenye kura hiyo lazima ahame kabla ya Jumapili.

“Mwalimu, hawa wote umewafunza wewe. Huu mwandiko wa nani?”

Tarjei alitaka kusema hajui, lakini nani angemwamini? Asubuhi ile yeye mwenyewe alimpigia kura mtu wa Aslak, kama kawaida yake, bila hata kufikiri. Aliona aibu, na aliogopa.

“Wangu,” alisema.

Aslak akamsukumia kalamu. “Basi andika, nione.”

Tarjei aliandika, na herufi zilitoka zilezile, maana Sveinung hakuwahi kuwa na mwalimu mwingine. Aslak alizilinganisha karatasi mbili kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira, kwamba halmashauri ya shule itakutana Jumatatu.

Nje, Sveinung alikuwa ameshika hatamu za farasi wa Aslak, uso umemsawajika. Alimwamkia mwalimu wake, kisha akauliza kwa sauti ya chini matokeo yamekuwaje.

“Tumeshindwa,” Tarjei alisema. “Wao kura arobaini na moja, sisi moja.”