Mwenzi wa Blanketi

Habari ilimkuta Milka dukani kwa Harbhajan, ameinama juu ya kreti ya sukuma wiki, akichambua jani moja moja.

"Umechelewa, mama," Harbhajan alisema kutoka nyuma ya kaunta. "Mwenzako alikuja jana. Ile nzuri yote amebeba. Hiyo unayopekua ni mabaki."

"Mwenzangu yupi?"

"Mama Jelagat. Alikuja na yule mama wa kofia nyekundu. Walicheka hapa mpaka nikawatolea viti."

Harbhajan alizaliwa Kisumu, akaondoka huko akiwa bado anavaa kaptura, lakini Kiswahili chake hakikushika kutu. Duka lake hapa ughaibuni, mtaa wa Lozells, lilikuwa na unga mweupe wa mahindi, majani ya chai ya Kericho, na mdomo wa Harbhajan mwenyewe, ambao ulikuwa bure. Kila Alhamisi, tangu walipostaafu, Milka alikuja hapa na Jelagat. Jelagat alitoka Acocks Green, akabadilisha basi mjini, na Milka alimngoja kituoni hata kama mvua inanyesha. Walinunua vitu vyao, wakaenda kwa Milka, wakanywa chai na kusikiliza pamoja sauti zilizotumwa kwenye grupu ya darasa lao.

Leo ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Jelagat alikuwa amepiga simu kusema goti limemkaza, hawezi kutoka.

"Labda jana alikuwa na haraka," Milka alisema.

"Haraka gani ya mtu aliyeketi?" Harbhajan alipima vitunguu vya mteja mwingine, akafunga mfuko. "Na hebu niambie, Blanketi ni nani? Miaka yote nilidhani ni wewe. Jana namsikia anamwambia wa kofia: Blanketi, shika mfuko, Blanketi, toa kadi yako tuende."

Milka alirudisha sukuma kwenye kreti. Alilipia unga tu, na alipofika nyumbani akakumbuka kwamba unga alikuwa nao.

Wasiowahi kulala bweni hawataelewa kwa nini jina hilo lilimchoma. Shule yao ilikuwa ya wamisheni, juu kabisa milimani Nandi, mahali ambapo hata kiangazi maji ya beseni asubuhi yaliuma vidole. Kila msichana alitakiwa aje na blanketi moja, na kule blanketi moja lilikuwa kama kujifunika gazeti. Wasichana wakatafuta njia yao. Wawili waliungana kitanda kimoja, blanketi moja la kulalia, la pili la kujifunika, na kitanda kingine kikabaki na mto tu kama cha mgeni. Matroni alijua, akajifanya hajui. Mwenzi wako wa blanketi ndiye aliyejua unalia kwa nini, unaogopa mwalimu gani, na kama miguu yako imeoshwa au imepanguswa tu. Bwenini hakukuwa na cheo kilichopita hicho. Milka na Jelagat walilala hivyo mpaka mtihani wa mwisho, na sasa, bibi wawili wajane, Jelagat mstaafu wa uuguzi na Milka mstaafu wa kazi ya kea, aliyeogesha na kulisha wazee wa watu majumbani mwao, bado mmoja akipiga simu mwingine aliitika, "Niambie, Blanketi."

Wa kofia nyekundu alikuwa Beverly. Huyo pia walisoma naye. Alikuwa ameishi mji wa Reading miaka yote, akitoa salamu za Krismasi kwenye grupu basi, mpaka alipohamia kwa binti yake huko Acocks Green, mtaa uleule wa Jelagat. Milka alimkaribisha vizuri. Alimpikia hata kuku. Sasa alimwona yule kuku akirudi kumdonoa.

Jumamosi hakungoja kuitwa. Alipanda basi namba kumi na moja, lile linalozunguka mji, akakaa upande wa dirisha na mfuko wa mandazi mapajani, akipanga maneno. Mlango ulifunguliwa na Beverly, amejifunga aproni ya Jelagat, ile ya maua ya manjano ambayo Milka mwenyewe aliinunua sokoni.

"Karibu, Milka. Vua viatu, nimepiga deki."

Milka alikuwa akiingia nyumba ile na viatu tangu ilipokuwa na zulia la mwenyewe wa zamani. Alivua.

Jelagat alikuwa kochini, mguu umelazwa juu ya kigoda. Alimfurahia Milka, hilo halikufichika, akamvuta akae karibu. "Afadhali umekuja. Nina habari, na ibaki humu ndani. Nimepewa siku ya kubadilishwa goti. Jumanne ijayo. Sijawaambia hata watoto. Cleopas akisikia atapanda ndege kutoka Nakuru aje kunililia hapa."

"Basi nitahamia," Milka alisema. "Nitaleta godoro langu dogo."

Jelagat alitazama mguu wake. "Beverly atalala hapa. Tumeshapanga."

Jikoni maji ya bomba yalifungwa. Beverly akatokea anapangusa mikono.

"Usijali, Milka, mimi niko karibu. Nikikohoa kwangu yeye anasikia."

"Sijali. Nashangaa tu kusikia siku hizi Blanketi ni wewe."

Beverly alicheka. "Kwani hukumbuki? Ulipougua surua ukapelekwa kwenu, muhula mzima nani alimfunika huyu? Wewe ulirudi ukakuta kitanda chenye joto."

"Muhula mmoja ni kuazima."

"Na angalau mimi nilimwachia nusu. Amekuwa akinisimulia ulivyokuwa unavuta lote upande wako, yeye anaamka amejifunika hewa."

Jelagat alicheka, akacheka mpaka akashika goti kwa maumivu. Milka naye alitabasamu, kwa sababu mtu hawezi kununa na mandazi yake yanaliwa. Lakini ndani alikuwa anawaka. Muhula ule alilala kwao na macho mekundu, madirisha yamezibwa yasipitishe mwanga, akimwonea huruma Jelagat kwa baridi. Kumbe hakukuwa na baridi.

Aliporudi Lozells hakuvua koti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua grupu ya darasa, akabonyeza mahali pa sauti. Alianza kwa salamu. Akasema dada yao Jelagat anakwenda kupasuliwa goti, wamkumbuke kwa maombi. Hata kama angeachia kidole hapo, tayari angekuwa amekosa. Hakuachia. Akaendelea kwa sauti ya kanisani: "Msiwe na wasiwasi. Mimi, mwenzi wake wa blanketi, ndiye nitakayekuwa naye usiku na mchana. Kama mnavyojua, hakuna mwingine." Akatuma. Kwa muda wa kuchemsha chai alijisikia mtu kamili.

Simu ilianza kulia kabla chai haijapoa. Eldoret walikuwa wameanza maombi. Mwenzao wa Nakuru alikuwa tayari amempigia Cleopas kumpa pole. Mwingine alitaka kuchanga. Mmoja aliyekuwa anasikia vibaya aliuliza mazishi ni lini. Beverly alisikiliza ule ujumbe, alama zilionyesha, na hakuandika neno. Kimya hicho kilimuuma Milka kuliko tusi.

Kisha Jelagat akapiga. Hakusema Blanketi.

"Nilikwambia ibaki humu ndani."

"Nilitaka tuombewe."

"Ulitaka Beverly asikie. Cleopas amekwishakata tiketi, Milka. Amekopa. Nimekaa saa nzima nikimsihi airudishe. Sasa mtoto wangu ananiuliza ni mambo gani mengine namficha." Alivuta pumzi. "Usije hospitalini. Usije hapa pia mpaka nikuite."

"Na usiponiita?"

Jelagat alikuwa amekata simu.

Jumanne ikaja, ikapita. Milka alipata habari zake mahali pamoja na watu wa Eldoret na Nakuru, kwenye grupu. Beverly aliweka picha: Jelagat amelala wodini, uso umevimba kidogo, na pembeni kofia nyekundu. Wenzao wakaandika, Mungu akubariki Beverly, una moyo. Milka naye aliandika, Mungu akubariki. Ilimchukua muda mrefu kuandika maneno hayo mawili matatu, maana kila mara kidole kilisita. Alipika uji akaumwaga. Alhamisi alipita mbele ya duka la Harbhajan upande wa pili wa barabara, ili asiulizwe. Kila simu ilipolia alifuta mikono kwanza ndipo akaishika, na kila mara alikuwa mtu wa kumuuzia kitu.

Aliitwa siku ambayo hakutegemea, asubuhi, akiwa anaanika nguo sebuleni.

"Una kazi leo?" Jelagat aliuliza.

"Sina."

"Basi njoo unywe chai."

Kitanda cha Jelagat kilikuwa kimeshushwa sebuleni, karibu na dirisha, na alikuwa ameegemea mito, nywele amefungiwa kitambaa. Alikuwa amepungua. Beverly alileta chai, akaweka vikombe, akarudi jikoni na kuurudisha mlango nyuma yake. Milka alikubali kwamba huo ulikuwa ustaarabu, na akamchukia kidogo kwa ustaarabu huo.

"Nilikosa," Milka alisema.

"Ulikosa."

"Cleopas je?"

"Tiketi amerudishiwa nusu. Ananipigia kila jioni kuhakikisha sijafa." Jelagat alikunywa. "Sema lingine. Najua unalo."

Milka alizungusha kikombe. "Mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Ningekuogesha vizuri kuliko yeye. Ningekugeuza usihisi. Halafu unamchukua mtu ambaye alikaa Reading bila hata kukuuliza hali."

"Najua ungefanya vizuri. Ndiyo sababu sikutaka."

"Hapo umenipoteza."

Jelagat alitazama nje, ambako mtoto wa jirani alikuwa anasukuma pipa la taka. "Unakumbuka ulivyokuwa unaniomba gari, nakupeleka kwa wale wazee wako? Nilikuwa nakusikia kutoka mlangoni ukiongea nao. Una sauti yako ile ya kazi. Tamu, ya polepole. Haya mpenzi, inua mkono, haya, umefanya vizuri sana. Wazee walikupenda kwa sauti hiyo. Mimi hujawahi kuniongelesha hivyo hata siku moja. Mimi unanitukana tangu darasa la tano." Aliweka kikombe chini. "Nililala hapa nikifikiria: Milka akinishikia beseni, ile sauti itatoka. Hutaikusudia, lakini itatoka. Na ikishatoka, mimi ni mzee wako mwingine. Beverly akinibembeleza sijali, tukimaliza namsahau. Wewe sitaki."

Lilikuwa jambo zuri kuambiwa, Milka alijua hivyo, na bado angelibadilisha na beseni palepale kama angepewa nafasi.

Jelagat akajisogeza, akakunja uso. "Bev," aliita. "Msalani."

Milka alikwishainuka nusu, mkono mmoja umeshanyoshwa. Aliutazama mkono wake. Akakaa.

Beverly alikuja, akampitisha mkono kwapani, wakaenda polepole na fremu ya kutembelea ikigonga sakafu, wakaingia chumba kidogo nyuma ya jikoni. Mlango ukafungwa. Milka alisikia maji, kisha sauti zao zikinong'ona, kisha kicheko cha wote wawili. Hakusikia wanacheka nini. Alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Wivu haukuwa umekwenda popote. Ulikaa naye pale kama mgeni wa tatu anayengoja chai.

Walirudi. Jelagat alikuwa na jasho kwenye paji la uso, midomo imekauka, anaweka mguu mmoja mbele kama anayekanyaga mayai. Milka aliihisi ile sauti ikipanda kooni, tamu, iliyozoea njia yake, na neno la kwanza likiwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Umekaa huko kama uliyekwenda kukichimba hicho choo," alisema. "Chai yangu imepoa kwa kukungoja."

Jelagat alisimama katikati ya chumba, ameshika fremu kwa mikono miwili, akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yakamtoka, mpaka Beverly akalazimika kumshika kiuno asianguke. Milka naye akacheka.

Beverly alimtazama huyu, akamtazama yule. "Mnacheka nini?" aliuliza.

Hakuna aliyemjibu.