Daktari Lazima Akuone

Mimi Vestine nina duka la dawa karibu na Petite Barrière, kizuizi cha mpakani cha kuvukia kwenda Goma, na vidonge vikali vya usingizi nimevifungia kabatini kwa kufuli. Sheria haina undugu: havitolewi kwa agizo la simu. Daktari lazima amwone mgonjwa kwa macho.

Mwaka 1999 Kampire, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alinisukumia usoni simu yake mpya ya mkononi. "Sema na kaka yangu, dokta wa Goma. Mi silalaka hata kidogo!"

"Aje akuone," nikasema.

"We iko na roho mubaya!"

Hata hivyo kaka yake alikubali kuja mpakani. Tukamngoja kwenye kizuizi, jua linachoma, wachuuzi wanapishana na viazi na ndizi. Mimi nilisimama nimenuna. Kampire aliketi chini, akaegemea beseni lake.

Daktari alipofika upande wa pili, alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akacheka hadi akashika tumbo. Kisha akanipungia mkono, akarudi zake Goma.

Kampire akashtuka, akafuta mate shavuni. "Dokta alifika? Aliniona?"

"Alikuona vizuri sana," nikamwambia. "Ulikuwa unakoroma."