Meza Thelathini za Timazi

Watu walishalisahau jina lake la kuzaliwa. Walimwita Timazi, kama ile kamba yenye kitu kizito mwishoni ambayo mafundi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima, kwa sababu hakuna kilichotoka mikononi mwa seremala huyu kikaenda upande. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kazi aliyojivunia kupita zote ilikuwa ndani ya kiwanda cha kushona sare za shule: meza thelathini za kupigia pasi, mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka dirisha la mwisho. Siku ya kuzikabidhi alifunga uzi kwenye meza ya kwanza, akauvuta hadi ya thelathini, na uzi ukagusa kila meza. Hakuna iliyozidi wala kupungua hata unene wa ukucha. Wafanyakazi walipiga makofi, mwenye kiwanda akampa mkono mbele za watu. Tangu siku hiyo, ukikaa na Timazi dakika kumi, ya sita lazima akusimulie habari za uzi. Mkewe alikuwa ameisikia mara nyingi mno, hata akawa anaimalizia jikoni bila kugeuza shingo.

Kwa hiyo binti yao alipoajiriwa palepale kupiga pasi, meza ya saba, Timazi alitembea mtaani wiki nzima kifua mbele. Binti alirithi wepesi wa mikono kwa baba na kimo kwa mama, na mama mwenyewe alikuwa hafikii rafu ya chumvi bila kupanda kigoda. Mwaka wa kwanza alijifunza. Mwaka wa pili hakuna aliyemfikia kwa mashati. Mwaka wa tatu likaanza bega.

Asubuhi moja alitoka chumbani na kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mama, naomba unifunge."

"Leo umekuwa mtoto mchanga?"

"Mkono haupandi."

Timazi alikuwa mezani na kikombe chake cha chai. "Bega la mtu wa miaka ishirini na nne! Mimi nimesukuma randa miaka thelathini, umewahi kunisikia nalia bega?"

"Baba, msimamizi amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Hesabu yangu imeshuka. Nisipoirudisha, ananitoa kwenye pasi. Na si uvivu. Ni meza. Iko juu."

Timazi akaweka kikombe chini taratibu. "Meza haina kosa."

"Sawa," mkewe akadakia huku akifunga fundo. "Meza haina kosa, mwanangu hana mkono. Mwenye kosa ni mimi niliyemzaa mfupi."

Mtu mwingine angekwenda kulitazama bega. Timazi alikwenda kiwandani na uzi. Aliomba ruhusa kwa msimamizi, akaufunga meza ya kwanza, akauvuta mpaka ya thelathini, mbele ya wapiga pasi wote. Uzi ukagusa kila meza, kama siku ile ya kwanza. Akageuka kwa furaha amwonyeshe binti yake, akamkuta amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, anasukuma pasi.

Hapo ndipo alipomtazama kazini kwa mara ya kwanza. Alivuta kreti tupu, akakaa. Kila shati lilipolazwa, visigino vya binti viliinuka, kiwiko kikaenda nje, bega likapanda karibu liguse sikio. Shati likatundikwa, bega likashuka. Shati jingine, bega juu tena. Timazi alihesabu mpaka arobaini, kisha akashindwa kuendelea. Mwanawe alikuwa anaumia mbele ya macho yake, juu ya mbao alizozipiga msasa kwa mkono wake, na lile lilimchoma.

Akamwomba asogee, akasimama yeye kwenye meza. Ilimkaa sawasawa, kama suruali ya kushonewa. Akakumbuka alivyopata kimo kile: alipounda meza ya kwanza alisimama kando yake, akaona inamfaa, akaziunda nyingine ishirini na tisa kwa kuifuatisha hiyo. Alikuwa ametengeneza meza thelathini za mtu mmoja, na mtu huyo hajawahi kupiga pasi hata leso. Mkewe ni shahidi.

Kesho yake alileta kibao cha kusimamia, kizuri, kimepakwa vanishi. Binti alipanda, akatabasamu, akapiga shati, akashuka kulitundika, akapanda tena. Shati la kumi na mbili alikanyaga hewa, nusura aanguke na pasi ya moto. Timazi alikiondoa kibao bila kuambiwa, akachukua msumeno, akaikata miguu ya meza ya saba. Kila pande la mbao lililoanguka lilikuwa kama anakatwa yeye kidole. Lakini binti alisimama nyayo zote mbili chini, bega limetulia, na asubuhi ile ile mashati yakaanza kwenda. Timazi akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Mluzi haukufika jioni. Meza ya saba ilikuwa ya watu wawili. Zamu ya mchana aliishika kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, na Mlingoti alimfuata karakana ameshika kiuno.

"Mzee, ile meza umenipa nipigie pasi au nitafutie sindano iliyoanguka?"

Zamani Timazi angemjibu jibu la kumfukuza. Sasa alivuta futi kamba.

"Simama wima. Kunja kiwiko."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa fundi yule kumpima mtu kabla ya kupima mbao. Alikaa karakana siku tatu, na alipotoka miguu ya meza ya saba ilikuwa miguu miwili miwili, mmoja unateleza kando ya mwenzake, yote imetobolewa matundu na kufungwa kwa pini ya chuma. Chomoa pini, inua, chomeka. Asubuhi tundu la tatu, la binti. Mchana tundu la saba, la Mlingoti.

Msimamizi aliijaribu mwenyewe, juu chini, juu chini, kama mtoto na droo mpya. "Na hizi nyingine?" akauliza.

Basi Timazi akafunga kibwebwe. Alipima viwiko vya watu sitini, zamu zote mbili, na kwa kila mmoja aliuliza kinachomsumbua. Wakamwambia. Ndoano za kutundikia ziko nyuma ya mgongo. Waya wa pasi unavuta kifundo cha mkono. Mambo hayo walikuwa wanayajua miaka yote.

"Sasa mbona hamkuniambia?" akawaka.

Mama mmoja wa meza ya ishirini akacheka. "Mzee, ulikuja na uzi. Ukauliza uzi."

Alihamisha ndoano, akazitundika nyaya juu, akaendelea na matundu yake. Ya thelathini aliimaliza siku ya mwisho wa mwezi, alfajiri, na msimamizi akabandika hesabu ukutani: wa kwanza Mlingoti, wa pili binti wa meza ya saba. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kumtoa mtu kwenye pasi.

Saa nne mwenye kiwanda aliingia na wageni wake. Alikuwa amewaahidi kuwaonyesha ule mstari maarufu. Akasimama mlangoni, mdomo wazi. Meza moja juu, moja chini, mbili juu, moja chini kabisa.

"Nani," akasema, "ameziharibu meza za Timazi?"

Pasi zote zikasimama. Timazi alikuwa nyuma ya mlango na randa yake mkononi. Alitaka kusema ni mimi, lakini macho yakaenda kwanza kwenye zile meza. Miaka yote ile watu walimjua kwa mstari, na mstari haupo.

Kwenye meza ya saba binti aliweka pasi pembeni. Kitambaa chake cha kichwa alikuwa amekifunga mwenyewe asubuhi ile. Akanyoosha mkono juu, ukapita bega, ukapita sikio, mpaka mkono wa blauzi ukateremka kwenye kiwiko.

"Hazijaharibika, bosi. Amezitengeneza baba yangu. Yule pale."

Wageni wakageuka. Mwenye kiwanda naye akaanza kusema jambo, lakini Timazi hakulisikia. Alikuwa anautazama mkono wa mwanawe. Ulisimama wima, na hakuhitaji kamba kuupima.